Maziwa Yaliyoganda

Jumapili usiku, kesho yake nikitarajiwa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Niliiandika kwa herufi kubwa, mtoto akiwa begani: "Mama, maziwa ya leo yako chini, mpe kwa kikombe. Yaliyoganda yako juu." Huko juu zilikuwepo chupa sita ndogo, kazi ya siku tisa. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, ziwa likiwa limejaa, nakaa kwenye kigoda na bakuli nililolichemsha, nakamua kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku ikiwa nzuri napata nusu kikombe.

Niliporudi Jumatatu jioni, chupa sita zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa safi kando ya karo. Mama mkwe wangu hakungoja nimuulize. "Mwanangu, yale ya chini yamemtosha. Yale ya juu nimeyatazama, yameganda kama mwenyewe ulivyoandika, na yalipoanza kuyeyuka nikaona mafuta yamekaa juu na maji chini. Nikayamwaga. Mtoto wa miezi mitatu hapewi maziwa yaliyoganda."

Mama huyu ameishi na ng'ombe Muheza zaidi ya miaka thelathini. Maziwa anayajua kwa harufu, kwa sauti yanapomiminwa, kwa namna yanavyong'ang'ania ukuta wa kibuyu. Kwake maziwa yaliyoganda ni yale yaliyoachwa yakatulia, yakashikana, yakawa mtindi. Alisoma maneno yangu kama Kiswahili kinavyotaka yasomwe. Mimi ninayekula kwa kuhariri Kiswahili ndiye niliyeandika neno moja lenye maana mbili, nikaondoka nikaliacha peke yake nyumbani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama maneno ya maziwa kwa jicho jingine. Maziwa mama aliyoyakamua na kuyaacha nyumbani hayako tena mikononi mwake. Anayafungulia mtu mwingine: bibi, dada wa kazi, shangazi aliyekuja kutembea, baba. Linaloamua kama mtoto atanywa salama, atanywa yaliyoharibika, au mazima yatamwagwa, ni maneno aliyoyaacha mwenye maziwa. Na maneno yetu mengi ya kuweka maziwa tuliyapata kwa ng'ombe, kwa sababu maziwa ya mama hayakuwa na haja ya kuwekwa popote. Yalikaa mahali pake na mtoto akayafuata hukohuko.

Tuanze na hilo lililonigharimu. Kuganda ni kwa kitu cha majimaji kuacha kutiririka. Damu huganda kwenye kidonda, uji huganda ukipoa, samli huganda asubuhi ya kipupwe, nta huganda, maziwa huganda. Kitenzi hakisemi chanzo chake ni baridi, ni uchachu au ni kukaa muda mrefu. Kinataja hali tu. Pwani yetu haijui maji kuwa magumu kwa baridi, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kutenga neno kwa jambo hilo pekee. Hata majina ya baridi yenyewe karibu yote yalishuka jahazini: baridi na theluji kutoka Kiarabu, barafu kutoka Kiajemi. Friji na friza zikaja baadaye kutoka Kiingereza. Jokofu tulilifundishwa shuleni, na nimelisikia likichambuliwa kuwa ni joko lililokufa, tanuri lisilo na moto. Ni neno lenye fikra ndani yake na ninalipenda, ila nyumbani kwetu hakuna anayelitumia.

Nilidhani ningeponea kwenye kauli ya kutendesha. Yaliyoganda yameganda yenyewe, nikasema, basi yale ya friza niyaite yaliyogandishwa. Lakini kugandisha maziwa ndiyo kazi ya kila mwenye kutengeneza mtindi. Ukimwambia muuza maziwa wa Tanga kwamba umegandisha lita mbili, atakuuliza utauza bei gani. Mlango huo nao ukafungwa. Mama mkwe ndiye aliyenipa jibu bila kujua kwamba nalitafuta. Siku chache baadaye alimwita mpwa wake: "Nenda kwenye barafu ulete samaki." Friza kwake ni "kwenye barafu". Maziwa ya kwenye barafu, basi. Si istilahi ya kamusi, ni kishazi tu, lakini hakuna anayekisikia akafikiria mtindi.

Kukamua nalo lina historia yake kinywani. Kukama ni kwa mnyama, na wafugaji wengi hulishikilia hilo. Kukamua limetapakaa zaidi: tunakamua ng'ombe, tunakamua ndimu, tunakamua muwa, alizeti, nguo iliyofuliwa, jipu lililoiva. Kliniki wauguzi husema "kamua maziwa", na nimemwona mzazi mchanga akiinamisha uso aliposikia, kama ameambiwa yeye ni mbuzi. Nimetafuta neno la heshima zaidi na sasa nimeacha kulitafuta. Kutoa ni jepesi mno, halielezi mkono unafanya nini. Kuminya lina hatari, maana anayeminya chuchu anaumia na hapati kitu. Kukamua kunahitaji kidole gumba kikae juu na vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu, pale weusi unapoishia, kisha ukandamize kuelekea kifuani ndipo ubane. Anayejua kukamua ng'ombe anajua pia kwamba maziwa hayalazimishwi, huwa yanashuka. "Yameshuka" ndilo neno la wanawake wenyewe kwa ule mwasho na joto vinavyokuja ghafla ukisikia mtoto analia, hata awe wa jirani. Neno lililotokana na zizi si tusi kwa mama. Limekuja na ujuzi wa zizini, na ujuzi huo ni wa kweli.

Kwa nini tuyaweke maziwa? Hesabu yake ni fupi. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kama siku 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, sheria hiyo inamruhusu muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Mwenye ofisi Posta na nyumba Mbagala, Dar es Salaam, anajua saa mbili hizo zinaishia barabarani. Zinabaki siku zaidi ya tisini ambazo mama yuko kwingine na mtoto yuko kwingine, na daraja lililopo kati yao ni chupa.

Vitabu vya afya husema kuhifadhi maziwa. Neno hili tuna bahati nalo. Anayehifadhi Qur'ani anaiweka moyoni bila kubadilika herufi, na anayehifadhi maziwa anatamani hivyohivyo, yatoke kama yalivyoingia. Mitaani husikii sana kuhifadhi, unasikia kuweka akiba: "Nina akiba ya siku mbili." Akiba ni neno zuri kwa hamasa, lakini wote tumelelewa na methali isemayo akiba haiozi, na hapo pana mtego. Akiba hii inaoza. Ina siku zake na saa zake, na kinachozipima ni lugha.

Kwenye saa ndipo palipo hatari ambayo sijaona watu wakiijadili. Mwongozo unaotajwa sana, wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, unasema maziwa mapya yanaweza kukaa nje ya friji hadi saa nne, mahali pasipozidi nyuzi joto 25. Andika kwenye karatasi: "Maziwa yakae nje mwisho saa nne." Sasa jifanye wewe ni msichana wa kazi wa miaka kumi na tisa, umeisoma saa moja na nusu asubuhi. Umeambiwa nini? Umeambiwa ikifika saa nne, kikombe cha chai ya saa nne kinapopita, maziwa yaondolewe. Maziwa yakiwa ya saa kumi na moja alfajiri umechelewa, yakiwa ya saa tatu umemwaga mazima. Saa nne ni muda, na saa nne ni wakati kwenye ukuta.

Walimu wangu walinikataza masaa. Saa haina wingi, walisema, ni kama ndizi: ndizi moja, ndizi nne, saa moja, saa nne. Nimekuwa nikiifuta ma- hiyo kwenye kurasa za watu kwa miaka. Siku hizi naiacha, na kwenye karatasi ya maziwa ninaiandika mwenyewe. Masaa manne hayapo kwenye saa ya ukutani, hayawezi kuwa kitu kingine ila muda. Watu waliokuwa na haja ya kutofautisha walishatengeneza kifaa, sisi wenye kalamu tukakiita kosa. Anayeona haya kuandika masaa aandike "muda wa saa nne", asiandike saa nne tupu.

Kuna pia saa mbili zinazoishi nyumba moja. Simu inasema 10:00, bibi anasema saa nne. Mama aliyekamua ofisini akaandika "10:00" kwenye kibandiko, akamkabidhi mtu aliyesoma saa kumi, ameyapa maziwa umri pungufu wa saa sita. Andika asubuhi, mchana, jioni, alfajiri. Maneno haya hayana betri na hayajui nchi nyingine.

Usiku una shughuli yake pia. Kwa watu wa pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa wengine ni ule unaoufuata. Maziwa ya "usiku wa Ijumaa" yanaweza kuzidiana siku nzima kutegemea nani anasoma. Redio zetu zilishatatua jambo hili zamani kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hivyo ndivyo ninavyoandika.

Lakini pale mwongozo unaposema siku nne, ndani ya friji yenye ubaridi wa nyuzi 4, Kiswahili kilikuwa kimeshafika. Tuna leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Hesabu kuanzia kesho: mtondogoo ndiyo siku ya nne. Maneno mawili haya ya mwisho watoto wa mjini wameyasahau, yamebaki kwa wazee na kwenye maswali ya mitihani, nami nilipoyaona yanakaa sawasawa juu ya kipimo cha maziwa nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Maziwa ya leo mwisho wake mtondogoo. Huhitaji kalenda.

Ndani ya friji penyewe lugha yetu ina usahihi ambao hatuutumii. "Weka kwenye friji" haitoshi, maana watu huweka mlangoni, na mlangoni ndipo panapopata joto kila anayetaka maji akifungua. Kiswahili kina pale, kina kule na kina mle. Mle ni ndani kabisa. "Weka mle nyuma" inamtosha mtu. Na friji nyingi za majumbani ni za mlango mmoja, zina kichumba cha barafu juu ambacho si friza ya kweli. Humo wiki mbili zinatosha. Friza yenye mlango wake, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, ndiyo inayoweka kwa miezi, sita ikiwa ndiyo bora. Chupa isijazwe hadi shingoni, kwa sababu maziwa yakiwa barafu hutanuka. Na mafungu yawe madogo, mililita 60 hadi 120, mtoto amalize anachofunguliwa.

Sasa joto. Tafsiri nyingi huandika "joto la chumba", na kila nikiliona najiuliza ni chumba cha nani. Chumba cha nyuzi 25 kipo Njombe mwezi wa Juni, na huko hata kinazidi ubaridi huo. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, bati juu, pazia halitikisiki, kinapita nyuzi 30 na mtu anajua bila kipimo. "Joto la kawaida" ndilo baya zaidi, kwa kuwa kila mtu joto lake ndilo la kawaida. Mimi huandika "nje ya friji", kisha naongeza: "siku ya joto kali yasikae nje, yaingie ndani mara moja." Ni maneno mengi kuliko istilahi moja, lakini hayadanganyi. Asiye na friji apange kukamua karibu na saa ya kunyweshwa, au atumie chombo kinachotunza ubaridi chenye vipande vya barafu, ambacho huweza kufikisha siku moja kamili barafu ikiwepo.

Neno jingine lililomwaga maziwa mengi, naamini, ni kukatika. Maziwa ya ng'ombe yaliyoanza kuchacha ukiyaweka motoni hukatika: mabonge huku, maji ya kijani kule. Hayarudi tena. Maziwa ya mama nayo, yakitulia kwenye friji usiku mmoja, hujigawa. Chukua chupa uiinue dirishani. Juu pana mstari mnene wa njano, laini kama malai, na chini yake kimiminika chepesi chenye rangi ya maji yaliyosuuzia mchele, pengine kibluu kidogo. Mwenye jicho la ng'ombe ataapa yamekatika. Hayakukatika, yamejitenga tu. Mafuta ni mepesi, yamepanda. Maziwa ya dukani hayafanyi hivyo kwa sababu kiwandani mafuta yake yamevunjwavunjwa yasipande. Kipimo ni mkono: yape uvuguvugu, zungusha chupa taratibu kati ya viganja. Yaliyojitenga yatarudiana. Yaliyokatika yatabaki mabonge. Natamani kujitenga liingie kwenye kila kipeperushi cha kliniki, kwa kuwa tofauti ya vitenzi viwili hivi ni tofauti ya kumwaga na kutomwaga.

Kukatika huko kunaniletea kukatika kwingine. Umeme nao hukatika. Siku unapokatika, friza isifunguliwe. Iliyojaa na kufungwa hutunza ubaridi wake hadi siku mbili hivi, iliyojaa nusu siku moja. Ukirudi umeme, shika chupa: ikiwa bado ina chembe za barafu ndani, maziwa hayo yanaweza kurudishwa. Yakiwa maji matupu yasirudishwe kwenye barafu.

Kuna harufu pia. Maziwa ya mama mwingine yakikaa kwenye baridi hutoa harufu ya sabuni, au ya chuma, na anayenusa husema yamechacha. Chanzo chake ni kimeng'enya kiitwacho lipasi, kinachovunja mafuta hata kwenye baridi. Kimeng'enya ni miongoni mwa istilahi zilizoundwa vizuri kuliko zote nilizokutana nazo: kumeng'enya ni kulainisha chakula tumboni, na ki- inakifanya kuwa chombo cha kazi hiyo. Ukilisikia mara moja unaona kinachotokea ndani ya chupa, maziwa yameanza kumeng'enywa kabla ya kufika tumboni. Harufu ya sabuni haina madhara, ingawa watoto wengine huikataa. Uchachu ni jambo jingine, una ukali unaochoma pua, na mama yeyote wa Kiswahili anautambua bila kuambiwa.

Nikiwa kwenye kuchacha niseme jambo linaloniuma. Lugha yetu ina maneno mengi ya maziwa kuharibika yakiwa bado kifuani. Mama akishinda juani huambiwa maziwa yamechacha, ayamwage ya kwanza kabla ya kumnyonyesha mtoto. Akituhumiwa kuvunja miiko ya uzazi huambiwa amembemenda mtoto, na kubemenda ni neno linaloweza kumtoa mwanamke nyumbani kwake. Hata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano yenye kinga kuliko yote, kuna nyumba zilizoyaita machafu zikayamwaga. Maziwa hayachachi kifuani. Yanaanza kuwa na umri yakishatoka. Mama anayeshuka daladala saa kumi na mbili jioni, jasho linamtiririka, amkumbatie mtoto amnyonyeshe, hana cha kumwaga.

Na sasa nifike kwenye maneno ninayoyapenda zaidi katika habari hii yote, kiporo na makombo. Kiporo ni chakula kilicholala: wali wa jana, maharage ya jana. Ni cha sufuria. Makombo ni kilichobaki mbele ya mlaji, kilichoguswa na mkono wake na kinywa chake. Ni ya sahani. Kiporo hupashwa asubuhi, kikaliwa na wakubwa kwa hamu. Makombo hayarudishwi chunguni, na mtoto anayeyarudisha hukemewa. Tofauti hii tumeibeba vizazi na vizazi bila kutaja bakteria, na ndiyo hasa tofauti inayotakiwa kwenye maziwa. Yaliyolala friji hayajaguswa na mtu, hayo ni kiporo, na siku zake tumeshazihesabu. Yaliyobaki kwenye kikombe mtoto akishaweka mdomo ni makombo, mate yake yameshaingia, na yanavumilika kwa muda wa saa mbili tu tangu aache kunywa. Mwambie mtu "usihifadhi mabaki" atakuuliza mabaki yapi. Mwambie "makombo ya mtoto hayarudi friji" ameshaelewa, na amekumbuka na sauti ya bibi yake.

Kiporo kina doa lake, sikatai. Wapo wasiotaka mtoto mchanga apewe kitu kilicholala, na Kenya wana maziwa lala, ambayo wengi huyafupisha mala, yaani hayohayo ya mgando. Kulala kwa maziwa katika Kiswahili ni kubadilika. Kwa hiyo sishauri mtu aandike "yamelala friji". Lakini makombo tuyachukue yalivyo.

Kupasha moto nalo lina moto ndani yake, na mwenye kuelezwa apashe maziwa moto atakwenda jikoni, atawasha gesi, atatafuta sufuria. Ana haki. Maziwa ya ng'ombe lazima yachemke yapande, ndiyo kanuni ya kila nyumba, na asiyeyachemsha ni mzembe. Ya mama hayachemshwi. Chupa hutiwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, basi. Yaliyo kwenye barafu hushushwa chini ya friji tangu usiku, yayeyuke polepole, na yakishayeyuka yote yatumike ndani ya siku moja. Mikrowevu haifai, hupasha upande mmoja ukaunguza ulimi wa mtoto na upande mwingine ukabaki baridi. Neno la nyumbani ni kutoa ubaridi. "Yatoe ubaridi tu." Hakuna moto ndani yake.

Jina la mama kwenye kibandiko wengine huliona la ziada, hasa chupa zikiwa za mtu mmoja. Ofisini au nyumba yenye wazazi wawili si la ziada hata kidogo. Kiswahili kinatumia ziwa kwa titi na kwa maji yaliyotulia kati ya nchi kavu, na Wakikuyu nao huita maziwa na ziwa kwa neno moja, iria. Waliokunywa penye ziwa moja ni ndugu. Kwa Waislamu wa pwani jambo hili ni sheria, si methali: mtoto aliyenyonyeshwa mara tano na mwanamke asiyemzaa, kabla ya kutimiza miaka miwili, ni mwanawe wa kunyonya, haoi wala haolewi na watoto wake. Maulamaa wengi wanasema maziwa yaliyokamuliwa yakanywewa kwa kikombe yana hukumu hiyohiyo. Chupa isiyo na jina inaweza kutengeneza udugu ambao hakuna anayeujua. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilipofungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, kwa watoto njiti na waliokosa mama, lilikuwa jambo la kuokoa maisha, na papo hapo likaamsha swali hili la zamani. Neno benki ni la fedha, na fedha haina uso, noti unayotoa si ile uliyoweka. Ningependelea amana. Amana ina mwenyewe.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa na mama mkwe akiwa bado na nguvu, akaja tena kukaa nasi. Safari hii sikubandika karatasi yangu. Nilimpa kalamu na vibandiko, mimi nikakamua, yeye akaandika, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani uliolalia kulia. Kila chupa ilikuwa na maneno machache: jina langu, "Alfajiri ya Jumanne. Mwisho mtondogoo." Za juu alikuwa ameziandika "Ya kwenye barafu" na siku yake. Asubuhi moja nilimkuta amesimama dirishani, ameinua chupa kwenye mwanga, anautazama ule mstari wa njano. Akaiweka kati ya viganja vyake, akaizungusha polepole kama anayesokota kamba, akainua tena.

"Yamerudiana," akasema, akaenda kumchukua mtoto.